Kifua Hujibu Kesho Yake

Siku ya kumi tangu nianze dawa ya nimonia niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa raba, nikatoka. Homa ilikuwa imeniacha siku nne nyuma, kikohozi kilikuwa kimepungua hadi mara chache kwa siku, na usiku uliotangulia nilikuwa nimelala bila kulowesha shuka kwa jasho. Kikundi chetu cha jogingi hapa Temeke hukusanyika Jumamosi kabla jua halijachomoza, na nilipowasikia kwa mbali wakiimba na kupiga makofi sikuweza tena kubaki ndani. Nilikimbia nao kilomita nne, mwendo wa polepole, nyuma kabisa ya msafara. Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo ninaloomba msomaji alishike tangu mwanzo: nilijisikia vizuri kwa kilomita zote nne, nikarudi nyumbani nimefurahi, nikanywa chai, nikamwambia mke wangu kwamba sasa nimepona.

Mnamo saa tatu usiku wa siku hiyo hiyo baridi ilinianzia mgongoni. Ilipofika saa tano kipimajoto kilisoma nyuzi 38.6, na kichomi cha ubavu wa kulia kilikuwa kimerudi palepale kilipokuwa wiki iliyopita, hata nikawa navuta pumzi nusunusu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto aliyelala. Kesho yake nilirudi hospitali, nikapigwa picha ya kifua kwa mara ya pili, na ule ukungu mweupe wa sehemu ya chini ya pafu la kulia ulikuwa bado umetanda. Daktari, kijana ambaye umri wake haukumzuia kunikemea kwa heshima, alibadilisha dawa, kisha akasema, “Mwalimu, sitakuambia kwamba mbio ndizo zilizorudisha homa. Huenda ingerudi hata ungelala. Lakini mwili ulikuwa na kazi moja ya kumaliza, wewe ukaupa ya pili.”

Nimeyafikiri maneno hayo muda mrefu, na kwa kuwa wanakikundi wenzangu wamekuwa wakiniuliza swali hilohilo kila mmoja anapougua kifua, nimeona niandike kwa kirefu yale niliyojifunza kwa madaktari, kwa kusoma, na kwa kosa langu mwenyewe. Mimi si mtabibu. Ni mwalimu wa sekondari mwenye miaka 47 ambaye amekimbia kwa miaka kumi na mmoja, na ambaye Novemba iliyopita alikuwa amekwisha kujiandikisha kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi.

Swali lenyewe huulizwa kana kwamba jibu lake ni moja: je, mtu anayepona kifua afanye mazoezi au apumzike? Lakini mgonjwa mwenye homa, mtu aliyebakiwa na kikohozi tu, na yule asiyekohoa tena ila anachoka akipanda ngazi ni watu watatu tofauti, hata kama ni mtu mmoja katika majuma tofauti. Kwa yule wa kwanza jibu ni hapana, na sidhani pana nafasi ya kujadiliana. Katika nimonia vile vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya pafu hujaa majimaji na usaha, na damu inayopita hapo huondoka bila kuchukua oksijeni ya kutosha. Moyo hujaribu kuziba pengo hilo kwa kudunda haraka zaidi. Homa nayo huongeza mzigo wake, kwa kuwa kila nyuzi moja ya joto inapopanda mapigo huongezeka kwa takriban kumi kwa dakika. Mapigo yangu ya alfajiri, kabla sijainuka kitandani, kwa kawaida huwa 58. Usiku ule wa homa ya kwanza yalikuwa 96, nami nimelala chali. Moyo wangu ulikuwa tayari unapanda mlima, na mtu wa namna hiyo akivaa raba anauongezea mlima mwingine juu yake.

Wengi wanaosema “nina kifua” hawana nimonia, wana bronkaitisi, yaani maambukizi ya njia za hewa zinazoelekea kwenye mapafu badala ya vile vifuko vyenyewe. Hiyo huwa nyepesi zaidi na mara nyingi huletwa na virusi, ila kikohozi chake hukaa, na wiki tatu si jambo la ajabu. Wakimbiaji tunayo kanuni ya shingo: dalili zikiwa juu ya shingo, kama mafua na koo kuwasha, unaweza kufanya mazoezi mepesi, zikiwa chini ya shingo, pumzika. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, lakini kuna jambo haionyeshi, kwa sababu mtu mwenye mafua tupu puani na homa mwilini bado hatakiwi kukimbia.

Lipo pia jambo la moyo, ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa kikundini. Baadhi ya virusi vinavyoleta mafua na kikohozi, vikiwemo vya influenza na vya jamii ya Coxsackie, mara chache huingia hadi kwenye misuli ya moyo na kuifanya ivimbe. Si tatizo la kawaida, lakini ndiyo sababu madaktari wa michezo hawataki mchezo na homa. Moyo uliovimba ukisukumwa kwa mbio unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake, na wanariadha vijana wamewahi kuanguka kwa sababu hiyo. Anayegundulika kuwa na hali hiyo huzuiwa mazoezi makali kwa miezi mitatu hadi sita. Maumivu ya katikati ya kifua, moyo kwenda mbio au kurukaruka bila sababu, kizunguzungu, au kuzimia wakati wa mazoezi: lolote kati ya hayo likitokea baada ya ugonjwa wa kifua, acha mazoezi siku hiyohiyo na umwone daktari.

Kwa nini basi tunaamini kwamba homa inatolewa kwa jasho? Nimekulia katika imani hiyo. Mama yangu alitufunika blanketi juu ya nyungu ya majani ya mwarobaini na mchaichai, na tulipotoka humo tumelowa, pua zimefunguka, tulijisikia watu wapya. Wapo wanaokimbia wakiwa na homa kwa hoja hiyohiyo. Ukiangalia kwa makini utaona mahali kosa lilipoingia. Homa inaposhuka yenyewe, mwili hutoa jasho ili kupunguza joto, kwa hiyo kila aliyepona homa alitokwa na jasho kwanza. Wazee wetu waliona sawasawa kwamba jasho na nafuu huja pamoja, ila jasho ni ishara ya homa inayoondoka, wala silo linaloiondoa. Jasho la mbio halina kazi hiyo. Linampunguzia maji mtu ambaye tayari amepoteza maji mengi kwa homa, na makohozi yake yanazidi kuwa mazito na magumu kutoka.

Baada ya kusema hayo yote, sitaki nieleweke kwamba kitanda ndiyo dawa. Nimeona kinyume chake kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita mama, akiwa amepita miaka sabini, alilazwa kwa nimonia katika hospitali moja ya Nyanda za Juu, nasi watoto tukawa tumekaa kumzunguka tukimzuia hata kunyoosha mkono kuchukua kikombe. Asubuhi ya pili muuguzi aliingia, akamwamkia, “Shikamoo bibi,” kisha akavuta kiti cha mbao kando ya kitanda. “Leo uji utakunywa umekaa.” Dada yangu alitaka kugomba. Mama alishikwa chini ya mikono miwili, akakaa, akatweta kidogo, akanywa uji nusu kikombe, na katika kukaa kule akakohoa makohozi ambayo kwa siku mbili yalikuwa yamekataa kutoka. Siku ya tatu alitembea hadi mlango wa wodi. Siku ya tano tulimkuta kibarazani akipiga soga na mgonjwa mwenzake.

Muuguzi yule alijua kazi yake. Mtu akilala chali, sehemu ya nyuma na ya chini ya mapafu haifunguki vizuri, makohozi hutuama, na misuli ya miguu hupungua kwa kasi, hasa kwa wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu wagonjwa wa nimonia waliolazwa huko Marekani ulionyesha kwamba wale waliotolewa kitandani kwa angalau dakika 20 ndani ya saa 24 za kwanza waliondoka hospitali takriban siku moja mapema kuliko wenzao. Tangu nimesoma habari hiyo nimekuwa nikimkumbuka dada yangu na ile hasira yake, ambayo ilikuwa yetu sote. Kumpenda mgonjwa kwetu ni kumlaza. Kumkalisha mgonjwa kitini na kumpa hatua kumi za kutembea ni tiba, nami nadhani sisi tunaouguza ndugu zetu tungepaswa kufundishwa hilo wodini kabla hatujapewa cheti cha dawa.

Mtu aliyenifundisha zaidi namna ya kuunganisha pande hizi mbili aliishi zamani na mbali. Hospitali ya Frimley, katika jimbo la Surrey huko Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1905 kwa wagonjwa wa kifua kikuu, wakati ambapo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo (streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943) na tiba kuu kila mahali ilikuwa kulala na hewa safi. Daktari wake mkuu, Marcus Paterson, aliona kwamba wagonjwa wake walikuwa wafanyakazi ambao wangerudi kwenye kazi ngumu, akaanza kuwapa kazi kwa ngazi. Kwanza kutembea, umbali ukiongezwa kidogokidogo, kisha kubeba vikapu vya udongo, kisha koleo. Joto la mwili lilipimwa kila mara, na mgonjwa ambaye joto lake lilipanda baada ya kazi alirudishwa kitandani, hata kama yeye mwenyewe alisema yuko mzima. Mengi ya nadharia yake kuhusu kwa nini kazi inasaidia yamekwisha kuachwa. Lakini kile kipimajoto cha baada ya kazi kilinigusa, kwa sababu ndicho nilichokikosa ile Jumamosi. Nilikuwa nimejiuliza kama najisikia vizuri wakati nakimbia. Wakati wa kukimbia mtu anakuwa na msisimko, ana wenzake, ana nyimbo. Mwili hutoa jibu lake usiku na kesho yake asubuhi.

Hivyo nilipoanza upya, baada ya kumaliza dozi ya pili na kukaa siku saba nzima bila homa, nilianza na daftari kabla ya raba. Kila alfajiri, kabla sijainuka, nilihesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima nikaandika. Niliandika pia kama nilikohoa usiku, na kama jana yake ililazimu nilale mchana. Ikiwa mapigo yameongezeka zaidi ya kumi kuliko siku iliyotangulia, au kikohozi kimezidi, au kumetokea joto lolote, siku hiyo napumzika, na inayofuata narudi kwenye umbali wa nyuma. Ikiwa asubuhi mbili mfululizo zimekuwa tulivu, naongeza kidogo. Matembezi ya kwanza yalikuwa kutoka mlangoni hadi dukani kwa jirani na kurudi. Nilitumia dakika tisa, na nilisimama mara moja kwenye mwembe kana kwamba natazama kitu.

Katikati ya Desemba nilijaribiwa tena. Nilitembea hadi soko la Tandika, nikazunguka, nikanunua ndizi na viazi, na badala ya kuchukua bajaji nikarudi kwa miguu na mfuko mkononi. Sikukohoa hata mara moja. Nilijiona bingwa. Alfajiri iliyofuata daftari lilisoma 79, kutoka 66 ya jana yake, na miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mchanga uliolowa. Safari hii nilitii. Nililala siku mbili, nikarudi kwenye matembezi ya dakika ishirini, na homa haikurudi.

Kipimo kingine ni cha papo hapo, na hakihitaji kifaa: unapotembea, uweze kutamka sentensi ndefu nzima bila pumzi kukata katikati. Ukishindwa, punguza mwendo. Shule ilipofunguliwa Januari niligundua kwamba kipimo hicho kilikuwa kinanisubiri darasani. Vipindi viwili vinavyofuatana ni dakika 80 za kusimama, kutembea kati ya madawati na kuzungumza kwa sauti ya kufika nyuma, nami katika wiki ya kwanza nilikuwa nikiishiwa pumzi kabla ya nukta. Wanafunzi walinyamaza wenyewe, jambo ambalo halitokei mara nyingi kidato cha tatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku za kufundisha vipindi vinne zilikuwa tayari siku za mazoezi, na sikupaswa kuongeza matembezi marefu juu yake. Mama anayebeba ndoo za maji, fundi anayechanganya zege, mpagazi wa sokoni, wote hawa wakiambiwa “usifanye mazoezi” huitikia kwa urahisi na kurudi kazini kesho yake, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kazi yao ndiyo mazoezi yenyewe.

Wapo walioniuliza kuhusu kile kifaa kinachobana kidole na kupima oksijeni. Kinasaidia, mradi usikitegemee peke yake. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri kwa kawaida husoma 95 au zaidi, na mgonjwa anayesoma chini ya 92 akiwa amekaa anahitaji hospitali, si ushauri wa wakimbiaji. Kushuka kwa pointi tatu au zaidi baada ya kutembea kidogo nako ni onyo. Rangi ya kucha na piko huweza kukivuruga, kwa hiyo kidole kiwe kitupu.

Kuhusu dawa nina mambo mawili, na haya nayasema kwa uzito kwa sababu tunanunua antibayotiki dukani kama tunavyonunua sukari. Siprofloksasini na levofloksasini, ambazo watu wengi hupewa au hujipa kwa ajili ya kifua, zinaweza kudhoofisha kano, hasa ile kubwa ya nyuma ya kifundo cha mguu, hadi ikakatika. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kabisa juu ya jambo hilo mwaka 2008. Mkimbiaji anayetumia dawa hizo na kuhisi maumivu kisiginoni aache mbio mara moja, na hatari hiyo inaweza kuendelea kwa muda hata baada ya dozi kwisha. La pili ni kwamba dawa hizohizo humpa nafuu kidogo mwenye kifua kikuu bila kumponya, hivyo huchelewesha kugundulika kwake. Hapa kwetu, kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinadai kipimo cha makohozi. Si jambo la aibu, na kipimo hutolewa bure katika vituo vya umma. Mimi nilipimwa, na nilipimwa kabla ya kuruhusiwa kuanza matembezi. Mtu anayepunguka uzito, anayetokwa na jasho la usiku, au anayekohoa damu hana haja ya kujiuliza kuhusu raba.

Kilichonipa subira kuliko vyote ni ratiba ya kupona ambayo NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, huwapa wagonjwa wa nimonia. Niliinakili nyuma ya andalio langu la somo. Katika wiki ya kwanza homa iwe imekwisha. Kufikia wiki ya nne maumivu ya kifua na makohozi yawe yamepungua sana, na kufikia ya sita kikohozi na kuishiwa pumzi navyo viwe vimepungua sana. Kufikia miezi mitatu dalili nyingi ziwe zimetoweka, ingawa uchovu unaweza kubaki, na miezi sita ndiyo inayowakuta watu wengi wamerudi walivyokuwa. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilidhani ni kwa ajili ya wazee. Nilipoipitia tena na daftari langu mkononi niliona kwamba nilikuwa naifuata karibu wiki kwa wiki, na kwamba ile Jumamosi ya kilomita nne nilikuwa sijamaliza hata ukurasa wa pili.

Hali ya hewa ya hapa inaongeza yake. Desemba hadi Februari Dar es Salaam huwa na joto na unyevu ambao hata mzima humchosha, na moyo hulazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe. Alfajiri ni nafuu kwa joto, lakini ndiyo saa ambayo mitaani takataka huchomwa na majiko ya mkaa huwashwa, na moshi huo kwa njia za hewa ambazo bado ni mbichi ni sawa na kurudishiwa kikohozi. Nilibadilisha njia mara tatu hadi nikapata moja isiyopita karibu na jalala. Mwenye pumu aliyepata maambukizi ya kifua anahitaji uangalifu huu maradufu, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni.

Mwishoni mwa Januari picha ya tatu ilionyesha pafu safi. Daktari aliniruhusu kuanza kuchanganya, dakika moja ya kukimbia na tatu za kutembea, na aliponiuliza kuhusu Moshi nilikuwa nimekwisha kuamua. Kilomita 21 za kule zina mlima mrefu wa kuelekea Mweka, katika mji ulio zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mimi nilikuwa na wiki nne tu. Niliwaachia wenzangu. Nilisafiri nao, nikawashangilia, na nikatembea zile kilomita tano za familia pamoja na wamama waliobeba watoto na wazee wenye fimbo, nikizungumza njia nzima na mzee mmoja wa Kibosho ambaye alikuwa na mengi ya kusema kuhusu bei ya kahawa. Niliweza kumjibu kila sentensi hadi mwisho wake.

Jumatatu alfajiri, katika nyumba ya wageni, kabla wenzangu hawajaamka, nilishika kifundo cha mkono nikahesabu dakika nzima kwa mwanga wa simu. Yalikuwa 61. Nikaandika.